Nairobi Nzima, Skrubu Moja Imenishinda

Nairobi hakuna kitu kisicho na fundi. Simu ikizama chooni, yuko kijana Luthuli atakayeifufua ukiwa umesimama hapo hapo, huku anabishana na mteja mwingine. Gari likikohoa, Kirinyaga Road wamejaa watu wa kulishusha injini juu ya lami, kulirudisha, na kubaki na nati mbili mkononi wanazoapa hazikuwa na kazi. Kiti kikivunjika mguu, Ngong Road. Sufuria ikitoboka, Kamukunji. Kiatu kikifumuka, geuka tu, fundi yuko nyuma yako. Mimi basi nina kitu chenye skrubu moja iliyolegea, moja tu, fupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na katika jiji hili la mafundi sina ruhusa ya kumpa mtu aikaze isipokuwa mzee mmoja anayekuja kazini akijisikia.

Kitu chenyewe ni rivolva.

Najua unachowaza. Muuza misumari wa Kawangware na bastola, wapi na wapi? Swali hilo limeshaulizwa na watu wenye vyeo kukuzidi, tena kwa maandishi, tena nakala tatu. Duka langu la vifaa vya ujenzi limetembelewa usiku na wageni wasiobisha hodi. Mara ya mwisho walimfunga bawabu kwa waya niliokuwa nauza mimi mwenyewe, wakaondoka na mabati, na waya wakaniachia mwilini mwa bawabu. Ndipo nikaamua. Mama watoto aliuliza kama pesa hizo zisingetosha kuweka geti jipya na taa. Nikamwambia geti halitishi mtu. Akasema hata mimi sitishi mtu. Tukalala.

Leseni sasa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikupi bunduki kwa sababu unaitaka. Unaanza na cheti cha mwenendo mwema, kwa hiyo unapakwa vidoleni wino usiotoka hata kwa mafuta ya taa, na wiki hiyo kila unayemsalimia anajua ulikuwa wapi. Kisha daktari athibitishe akili zako ni timamu, ingawa mtu anayejipanga kwenye foleni zile zote kwa hiari yake, kipimo kinapaswa kuanzia hapo. Kisha chifu, kisha kituo cha polisi, kisha mahojiano mbele ya watu waliokaa upande mmoja wa meza wewe ukiwa peke yako upande wa pili.

"Kwa nini unataka silaha?"

"Kwa sababu wanaonitembelea wanazo."

Hawakucheka. Wakataka ushahidi wa kipato. Hapo ndipo niliona aibu ya kweli, maana taarifa yangu ya benki ilikuwa inathibitisha mbele ya kamati nzima kwamba sina cha kuibiwa. Mmoja wao akaisoma, akamkabidhi mwenzake, mwenzake akaisoma, akaniangalia kwa huruma. Nadhani walinipitisha kwa sababu hiyo.

Silaumu ukali huo. Mwishoni mwa 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa usalama, kila raia mwenye silaha aliamriwa ahakikiwe upya, kwa sababu mji ulikuwa umejaa watu wenye leseni za kushangaza, wengine wakizitumia kuagiza wahudumu wa baa wafanye haraka. Wenye fujo walifanya yao, na foleni tumeirithi sisi wapole.

Duka nililoinunulia liko katikati ya jiji. Jina silitaji, maana bado nahitaji risasi. Ukishapita mlango wa kwanza unasubiri ufungwe nyuma yako ndipo wa pili ufunguliwe, na katikati hapo unajikuta unakumbuka dhambi zako. Ndani kulikuwa na vijana wenye mashati ya mikono mifupi na misuli mirefu, wote wanaangalia Glock. Mmoja anashika, analenga ukutani, anafumba jicho, anamuuliza mwenziwe kama amepiga picha. Bei nilipotajiwa nikaomba maji.

"Hakuna kitu cha mtu wa kawaida?" nikauliza.

Muuzaji akainama mpaka droo ya chini kabisa, ile ambayo hufunguliwa siku ya kuhesabu mali, akatoa rivolva iliyotumika. Ya Kimarekani, saizi .38, tundu sita, mtutu wa inchi 4, mpini wa mbao uliokolea rangi ya chai. Vijana wakageuka. Mmoja akasema, "Hiyo ni ya enzi ya DC." Kweli mashine yenyewe haijabadilika sana tangu Samuel Colt apewe hataza yake Marekani mwaka 1836: silinda inazunguka, nyundo inapiga, basi. Haina magazini ya kukwama wala usalama wa kusahau kufungua. Ukiivuta inalia, na isipolia unavuta tena, tundu linalofuata linakuja lenyewe. Nikasema hii ndiyo yangu. Nilipewa na karatasi inayoonyesha idadi ya risasi ninazoruhusiwa kuwa nazo, idadi ambayo mtoto angeimaliza kwa fataki siku ya Krismasi.

Kuirudisha nyumbani Uthiru ndiko kulikonifunza silaha ni nini. Kwa kawaida mimi hupanda matatu. Dukani kwangu natoka kwa namba 46 nikiwa nimebanwa kati ya mama mwenye kuku na mwanafunzi mwenye godoro, na sijawahi kulalamika. Siku hiyo niliitazama ile stejini nikaona kila mkono unaelekea kiunoni kwangu. Makanga akinisukuma ndani kama kawaida yake, je? Mtu mwenye pesa mfukoni huogopa wezi. Mwenye bastola huogopa wezi, polisi, makanga na matuta. Nikaita teksi, nikalipa pesa ambazo wezi hawajawahi kuniibia kwa siku moja, na Waiyaki Way yote dereva akawa ananitazama kwenye kioo kwa sababu nilikuwa nimekumbatia mkoba kwa mikono miwili.

Usiku, watoto wakiwa wamelala, nikaitandikia gazeti mezani. Hakuna risasi ndani, nimehakikisha, zimefungiwa kabati jingine kama nilivyoelekezwa. Nikawa na mafuta, brashi ya kupitisha mtutuni, kitambaa, na mswaki wa zamani ambao baadaye ilibainika haukuwa wa zamani na haukuwa wangu. Kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye furaha. Masizi yalikuwa yameganda usoni pa silinda, nikayasugua, chuma kikaanza kurudisha mwanga. Ndipo nikaushika mpini sawasawa, ukacheza. Mbao ile ilitikisika kidogo tu, lakini ukishaisikia huwezi kuacha kuisikia. Nikaangalia: skrubu ya mpini imelegea.

Nikaenda kuchukua bisibisi. Mimi nauza bisibisi! Ninazo za ncha bapa, za nyota, za Uchina, za Ujerumani, na zile ninazosema ni za Ujerumani. Lakini maneno ya muuzaji yalikuwa bado masikioni: usifungue chochote, usipige tupa chochote, usibadilishe chochote, kazi ya fundi ni ya fundi aliyesajiliwa. Sheria haimruhusu mtu yeyote tu kufungua karakana ya bunduki, na ni vizuri. Sharti hilo likiondolewa leo, kesho kutwa kutakuwa na kibanda Gikomba kimeandikwa "Tunatengeneza bastola, tunachaji simu, mayai boilo."

Jirani yangu wa ploti ya nyuma, aliyeona mwanga dirishani na hajui mipaka, aliponijia asubuhi nikamweleza. Akasema ana fundi wake Kirinyaga Road, hodari, alimtengenezea gia boksi. Nikamuuliza kama gia boksi ile bado inafanya kazi. Akabadilisha mada. Shemeji naye akapiga simu kutoka Kikuyu kusema nifunge mpira wa ndani wa baiskeli kuzunguka mpini, ndivyo wanavyofanya kwa jembe. Nilipotaja tu neno skrubu, ukoo mzima ukawa na cheti cha uhandisi.

Basi nikarudi mjini. Fundi hayupo. Atakuja lini? "Yuko njiani." Huyo mtu amekuwa njiani muda mrefu kuliko barabara zenyewe. Ukiiacha silaha dukani inaandikwa, inasainiwa, inaandikwa tena. Usipoiacha unarudi nayo Uthiru kwa teksi. Nilizunguka mjini nikipoteza muda na mkoba kifuani, nikapita Moi Avenue penye sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya. Aliuawa kwenye barabara hiyo hiyo tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa, na aliyempiga alitumia rivolva ya saizi .38 kama hii yangu. Sikukaa pale. Niliona haya kusimama mbele yake nikiwa na mkoba ule.

Hatimaye mzee akapatikana. Mrefu, koti la kazi la buluu, miwani miwili, mmoja puani na mmoja kwenye paji la uso. Chumba chake kiko nyuma ya duka, kidogo, kina harufu ya mafuta na chai ya maziwa. Aliifungua silinda kabla hata hajajibu salamu, akaangalia tundu zote sita, kisha akanigeuzia niangalie na mimi.

"Mzee, niliangalia nikiwa nyumbani."

"Sikukuuliza ya nyumbani."

Nikaangalia.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kimenifanya niandike haya. Alitoa kijisanduku cha mbao chenye bisibisi zaidi ya 20, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Akaniambia bisibisi ninazouza mimi ncha zake zimechongwa kama kabari: zinashika skrubu juu tu, ukitia nguvu zinapanda, zinachana mdomo wa skrubu na kuparuza chuma. Yake ina ncha iliyonyooka pande zote mbili, imejaa mfereji wa skrubu kutoka ukingo hadi ukingo na kutoka juu hadi chini. Alijaribu tatu kabla ya kuridhika. Akakaza kwa vidole viwili, bila kukunja uso. Kisha akaniuliza kama nina shilingi hamsini, akamtuma kijana chini kwa dada wanaopaka kucha, kijana akarudi na chupa ya rangi nyekundu.

"Tone moja kwenye nyuzi, haitalegea kwa mtikisiko, na siku ukitaka kuifungua itafunguka. Gundi ya wahuni usithubutu."

Yaani siri ya kumiliki silaha ya moto katika Jamhuri ya Kenya iko kwenye meza ya mpaka kucha.

Lakini hakuishia hapo. Alivuta nyundo nyuma polepole, tundu baada ya tundu, sikio karibu, akisikiliza kama silinda inajifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Ikichelewa, alisema, risasi inaweza kutoka tundu likiwa halijakaa sawa na mtutu, ikanyolewa ubavu, na vipande vikamrukia aliyesimama kando. Akaitikisa silinda huku na huku. Akapitisha kijibati chembamba cha kupimia kati ya silinda na mtutu: nafasi ile inatakiwa iwe kati ya sehemu 1 na 2 za kumi za milimita. Hapo ndipo moto unapotokea pembeni kila ukipiga, akasema, na ndiyo maana mwenye rivolva hashiki mbele ya silinda kwa mkono wa pili, labda kama amechoshwa na vidole vyake.

Nikaona amekuwa mwema, nikaleta ombi. Kifyatulio ni kizito. Ukivuta bila kuivuta nyundo kwanza, unavuta karibu kilo 5 kwa kidole kimoja, na mimi kidole changu kimezoea kuhesabu misumari. Je, hawezi kukilainisha?

Akavua miwani ya puani, akabaki na ile ya kwenye paji, ambayo haikuwa inatazama chochote.

"Huo uzito ndio unaokupa muda wa kubadilisha mawazo. Nikikutolea, utakuja kuniambia ililia yenyewe. Haijawahi kulia yenyewe hata moja tangu nianze kazi hii."

Alianza akiwa kijana mdogo, enzi ambazo uwindaji ulikuwa biashara halali na Nairobi ilikuwa mji wa kuanzia safari. Wageni walikuja na bunduki za tembo za saizi .375 na .458, mitutu ya kutosha kulaza nyumba, na kila mmoja alitaka yake ikaguliwe kabla ya kuingia porini. Mafundi walikuwa na kazi mpaka usiku. Mwezi Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji, wateja wakaisha, mafundi wakatawanyika. Wengine wakaenda kutengeneza cherehani. Yeye akabaki. Nikamuuliza mwanafunzi wake yuko wapi. Akanionyesha kijana aliyeleta rangi ya kucha. "Huyu anasubiri nafasi ya kwenda Qatar."

Mwishowe akaelekeza taa kwenye kipande cha karatasi nyeupe, akaniambia nichungulie mtutuni kutoka mbele, silinda ikiwa imefunguliwa. Nikaona mistari imejisokota ndani, inang'aa.

"Hesabu."

"Mitano."

"Inapinda wapi?"

"Kulia."

"Basi wewe ungekuwa na shida Karen mwaka 1941."

Sikuelewa, akanieleza, na nilipokwenda kusoma nikakuta mzee hakuongeza chumvi. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll, bwana mkubwa wa walowezi na mpenzi mkubwa wa wake zao, alikutwa amekufa ndani ya gari lake aina ya Buick kando ya barabara huko Karen, amepigwa risasi ya saizi .32. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, ambaye mke wake kijana, Diana, alikuwa haoni tena mtu mwingine isipokuwa Erroll. Broughton alikuwa ameripoti polisi siku chache kabla kwamba rivolva zake mbili za Colt zimeibwa. Na huko nyuma alikuwa amefanya mazoezi ya shabaha kwenye shamba la rafiki yake Nanyuki. Polisi wakaenda Nanyuki, wakachokora ardhi, wakarudi na risasi. Upande wa mashtaka ukasema zinafanana na iliyoua.

Wakili aliyeletwa kutoka Johannesburg, Harry Morris, hakuhangaika sana na habari za mapenzi. Akashika mtutu. Risasi iliyomuua Erroll ilikuwa na alama za mistari mitano inayopinda kulia. Colt mitutu yake ina mistari sita, inapinda kushoto. Broughton akaachiliwa tarehe 1 Julai, na bunduki iliyotumika haijapatikana mpaka leo. Watu wameandika vitabu na kucheza filamu juu ya ngono na shampeni ya watu wale, na kesi ilisimama au kuanguka kwa mikwaruzo ambayo mzee huyu huichungulia kila siku akinywa chai. Sasa nikipita Karen kupeleka mbao, nina mistari mitano ya kulia kwenye dhamiri bila sababu yoyote.

Mzee alinidai kiasi kidogo kuliko teksi. Nilitaka kumlipa mara mbili, nikakumbuka teksi.

Ilibaki kuijaribu. Huwezi kuijaribu Uthiru. Kuna watu wanadhani ukiwa na shamba la robo ekari na migomba unaweza kupiga hewani ukaona kama inalia. Risasi inayopanda Uthiru inashuka Kangemi, na Kangemi hakuna nafasi ya kitu kushuka bila kumpata mtu. Unakwenda uwanja wa shabaha. Wangu sitautaja, kwa yale nitakayosema juu ya choo chake, ambayo nimeamua pia nisiyaseme.

Unalipa kuingia. Unalipa shabaha ya karatasi. Unalipa kukodi viziba masikio, na hivyo usifanye ubahili, maana mlio wa bastola unapita desibeli 140 na sikio likishakufa halina fundi, hata Luthuli. Msimamizi ni afande mstaafu mwenye sauti ambayo viziba masikio haviizuii. Kushoto kwangu alikuwa kijana mmoja wa wale wa Glock, amevaa fulana yenye mifuko kuliko duka langu, amepiga tatatatata, karatasi imechanika, anachukua video. Mimi nikaweka zangu sita, moja moja, kama mtu anayepanda mahindi.

"Mzee, uko tayari?" afande akaita.

Sikuwa tayari. Nikapiga.

Kwanza, mpini haukucheza. Nataka hilo liandikwe. Pili, ilirusha mkono wangu juu, moshi ukanijia usoni, na nilipoangalia karatasi, mita 7 tu mbele, duara jeusi lilikuwa zima kabisa, halina habari. Risasi ilikuwa chini yake, kwenye karatasi nyeupe. Nikapiga ya pili. Chini. Ya tatu, chini, karibu na mwenzake. Nilipomaliza sita nilikuwa na kikundi kizuri cha matundu ambacho kingefunikwa na kiganja, mahali ambapo sikulenga hata mara moja.

Kijana wa kushoto akaangalia, akasema labda ni bunduki. Afande akasema labda ni mzee. Wakaanza kubishana juu yangu nikiwa hapo. Afande akaichukua, akapiga sita zake, zikaenda chini pia, akanyamaza, akawa mtu wa kufikiri zaidi. Kisha akaokota ganda moja, akalisoma kitako.

Risasi zangu ndizo zilikuwa nyepesi. Bastola hizi za macho yasiyorekebishwa hutengenezwa kiwandani kwa risasi ya uzito fulani, na kwa saizi .38 uzito uliozoeleka ni kama gramu 10. Nyepesi hutoka kwa kasi zaidi, hutoka mtutuni kabla mkono haujainuka sana, kwa hiyo hugonga chini. Nilikuwa nimenunua zilizokuwepo, kwa sababu nilipouliza kama kuna aina nyingine, muuzaji aliniuliza kama nimekuja kununua au kuhoji. Dawa yake ni kupunguza kwa tupa ile alama ya mbele ya kulengea, kidogo kidogo, risasi zipande. Nani wa kushika tupa? Mzee. Yuko wapi? Njiani.

Kwa hiyo mpaka sasa nalenga ukingo wa juu wa duara ili nipate katikati. Nikivuta nyundo kwanza, zinakaa vizuri kabisa, mbili zikagusana. Nikivuta moja kwa moja kwa kilo zile 5, zinatawanyika. Nikataka kurudia mpaka kidole kizoee, afande akanikumbusha kile kijikaratasi cha idadi. Kila ninayopiga hapa ni moja ninayopaswa kuieleza na kuinunua upya, na kila moja ni chapati mbili na ndengu za fundi wa mjengo. Nilikula chakula cha mchana cha watu wengi siku ile, nikabaki na njaa.

Utauliza kama sasa niko salama. Nitembee nayo wapi? Benki hawaitaki ndani. Kanisani mchungaji ameniomba kwa upole. Westlands, kila jumba la maduka lina mlinzi mwenye kijiti cha kupimia, na nina wajibu wa kumwambia kabla kijiti hakijamwambia. Ukishamwambia anarudi nyuma hatua tatu, anaita mkubwa wake, mkubwa anaita mkubwa, na nyuma yako foleni ya mama wenye vigari vya watoto inakutazama kana kwamba umetangaza ugonjwa. Nawaelewa. Hapo hapo Westlands ndipo lilipo Westgate. Na ni kweli pia kwamba tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipolivamia, kati ya walioingia mle kuwatoa watu walikuwamo raia wenye bastola za leseni. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, aliingia na yake. Nawavulia kofia. Ila mimi nikiwa na bastola inayopiga chini ya ninapolenga na kidole cha kuhesabia misumari, mkiona nimeingia kuwaokoa, tafuteni mlango mwingine.

Nyumbani nako imekuwa mgeni mwenye masharti. Inalala kwenye kasha la chuma ukutani, ufunguo ninao mimi, na nisipokuwepo sisafiri kwa amani. Wanaukoo wamegundua. Shemeji aliyeshauri mpira wa baiskeli anataka nimsindikize akipeleka pesa za mahari, "ukae tu nyuma, usiseme kitu." Mwenyekiti wa chama anataka nihudhurie siku ya kugawa pesa. Hakuna aliyewahi kunialika popote nilipokuwa muuza misumari peke yake. Na wale wageni wa usiku? Hawajarudi. Mama watoto anasema ni kwa sababu ya geti, maana wiki ile ile niliyokuwa nahangaika na skrubu alikwenda akaliagiza, la chuma, lenye taa mbili, kutoka kwa fundi wa Naivasha Road aliyelimaliza kwa siku mbili na akaja kulipachika mwenyewe.

Sasa nina ombi kwa wakubwa wa leseni, na nalitoa kwa heshima kwa sababu mwaka haujaisha na nitakuja tena kwenye meza yenu. Mnatuhesabu vizuri. Mnahesabu silaha, mnahesabu risasi, mnahesabu vidole. Serikali ina kiwanda cha risasi Eldoret, na Aprili 2021 rais wa wakati huo alifungua kiwanda cha silaha ndogo pale Ruiru, kwa hiyo wanaojua chuma hiki nchini hawakosekani. Lakini raia ambaye mmemruhusu kubeba bastola hana mahali pa kuipeleka ijulikane kama silinda inajifunga kwa wakati. Mimi nilimpata mzee mmoja, na huyo ndiye peke yake niliyempata. Ana macho mawili na miwani miwili, na mwanafunzi wake ana pasipoti mkononi. Mpeni vijana watatu awafundishe akiwa bado anakuja kazini, na mfanye ukaguzi wa bastola uwe sharti la kuhuisha leseni, kama magari ya biashara yanavyokaguliwa. Tutalipa. Tumeshazoea kulipa. Na mkimpata siku hiyo, mwambieni yule wa rivolva ya .38, mistari mitano ya kulia, anamsubiri na tupa.